Shati lililopigwa pasi: uzi kuhusu mfumo dume, uanaume na hadithi tunazosoma

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, ataukuta.

Kila wiki mitandaoni kuna kisa kipya cha "wanaume wa Dar". Mwanaume wa Dar kashika mwavuli, mwanaume wa Dar kaogopa mende, mwanaume wa Dar analalamika jua kali. Watu wa mikoani wanacheka, na sisi wa hapa mjini tunacheka nao. Nilikuwa nacheka pia. Siku hizi siwezi, na sababu ni shati.

Kaka yangu mkubwa alikuwa karani kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Wakamwachisha kazi. Hakumwambia mtu yeyote. Aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anavaa shati jeupe au la bluu, anatoka Mtoni kugombania daladala kama kawaida. Kumbe alikuwa anashukia Mnazi Mmoja, anakaa bustanini kutwa, jioni anarudi na foleni ya watu waliotoka kazini. Alifanya hivyo miezi minne.

Wifi yangu alijua tangu wiki ya pili. Aliniambia alijulia kwenye nguo. Shati la mtu aliyeshinda bandarini linarudi na vumbi kwenye kola na harufu ya dizeli. Haya yalikuwa yanarudi masafi mbele, na mikunjo mgongoni, ya mtu aliyeegemea benchi kwa saa nane. Hakuuliza. Aliendelea kufua na kupiga pasi, tena siku umeme ukikatika anawasha pasi ya mkaa. Akawa anachukua hela ya maandazi yake anaiweka kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, elfu moja, elfu mbili, ili akiikuta adhani kaisahau mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa nauli.

Likaja kujulikana siku mwenye nyumba alipokuja kudai kodi. Ukoo ukakaa. Mama akamsifu wifi kwa kumstiri mume. Na mimi, niliyesoma, ninayejiita mtetezi wa wanawake, nilimgeukia kaka yangu mbele ya watoto wake nikamwambia: "Jikaze, kaka. Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Nimelileta hapa kwa sababu tuna kikundi chetu cha kusoma, watu tisa, wanaume wanne, tunakutana Jumamosi barazani kwa rafiki yetu Sinza. Tunasoma hadithi fupi na insha za wanawake walioandika juu ya mfumo dume. Kuna hadithi moja imetushika kuliko zote, ya Bessie Head, mwandishi aliyezaliwa Afrika Kusini akaishi na kuandikia Serowe, Botswana. Inaitwa The Collector of Treasures, imo kwenye kitabu chake cha 1977. Dikeledi ameachwa na mumewe Garesego na watoto watatu wa kiume. Miaka inapita, anawalea kwa kazi za mikono yake. Mtoto mkubwa anafaulu, ada haitoshi, anakwenda kumwomba baba mtu aongezee. Yule baba anamtukana, anamwambia akaombe kwa jirani, Paul Thebolo, kwa madai kwamba ni hawara yake. Halafu anatuma taarifa kwamba atakuja kulala, aandaliwe maji ya kuoga. Anakuja. Usiku ule Dikeledi anamuua kwa kisu, na pale alipomkata wengi wenu mnaweza kupakisia.

Jumamosi ile mwenzetu mmoja alinyanyuka akatoka nje tulipofika hapo. Alirudi baada ya dakika kumi.

Lakini kisu sicho kilichotuweka mpaka saa mbili usiku. Katikati ya hadithi Bessie Head anaisimamisha na kuandika kitu ambacho ni insha kabisa. Anasema jamii ile ina wanaume wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayezalisha na kuondoka, anayeharibu kila anapopita. Na anatafuta alikotoka. Anaanza na mababu, waliompa mwanaume cheo cha kurithi juu ya mwanamke bila kumdai chochote cha ndani. Ukaja ukoloni, ukampeleka machimboni Afrika Kusini kwa kodi na mshahara mdogo, ukavunja nyumba yake na kumfanya "boi". Ukaja uhuru, ukampa kazi na mshahara mnono, na hapo ikaonekana kwamba ndani hana kitu cha kumwongoza. Garesego ni karani wa uhuru. Hajazaliwa shetani, ametengenezwa, na bado anabeba hatia yake yote. Head hakumpunguzia hata chembe.

Aina ya pili ni Paul, yule jirani. Anampenda mkewe, anazungumza naye, na mwishoni anaahidi kuwasomesha watoto wa Dikeledi.

Sasa swali langu. Insha inakuchorea mfumo, hadithi inakuonyesha shati. Kwenye hadithi zetu za Kiswahili ninazozisoma, za magazetini, za vitabuni, hizi za simu zinazoishia "itaendelea", mwanaume wa kwanza yupo tele, yule wa mkanda na pombe. Wa pili anatokea mwishoni kuokoa. Yule aliyekaa Mnazi Mmoja na shati lililopigwa pasi yuko wapi? Kwa nini hatumwandiki?

Karibuni.

Fundi Keko

Dada, nauliza kwa heshima. Kila nikisikia "mfumo dume" najiona nimesimamishwa kizimbani. Mimi sijawahi kumnyanyulia mkono mke wangu. Naacha hela ya meza kila asubuhi, ikikosekana nakopa. Huo mfumo nimeuanzisha lini? Na neno lenyewe, dume, ni la mbuzi na ng'ombe. Mnatuita dume halafu mnataka tujadiliane?

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Kaka, asante kwa kuuliza bila matusi. Kuhusu neno nakuunga mkono nusu. Ni kali, na linamfanya msikilizaji amwone mnyama badala ya mpangilio. Ila ndilo lililoshika, tangu akina mama wa mashirika ya kutetea wanawake, TGNP pale Mabibo na TAMWA kabla yao, walipoanza kulitembeza mitaani na redioni, na hata mwenyekiti wa mtaa leo analielewa. Sitalibadilisha peke yangu.

Hukuuanzisha. Uliukuta. Angalia lugha tu. Wewe umeoa, mkeo ameolewa. Tendo ni moja, siku moja, ushahidi mmoja, lakini mmoja katenda na mwenzake katendwa. Hakuna aliyekaa akakutungia hilo, umelinyonya na maziwa.

Angalia na sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina mambo mazuri, kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Lakini nenda kifungu cha 63. Mume ana wajibu wa kumtunza mke. Mke anawajibika kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia kwa sababu ya maradhi au kuumia, mwilini au akilini. Kuachishwa kazi hakumo. Kwa mujibu wa kifungu kile kaka yangu alikuwa mzima, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kuanguka. Hela ya meza unayokopa ikikosekana inatoka hapohapo. Mfumo unakupa kiti cha mbele, halafu unakudai nauli ya gari zima.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha fasihi miaka mingi, naomba mnivumilie. Mnakwenda Botswana kutafuta mwanaume wakati kwenu yupo tangu 1858. Mwaka huo Mwana Kupona binti Msham, mtu wa visiwa vya Lamu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utendi wa kumuusia. Anamfundisha radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Darasani wasichana walikuwa wananuna tukifika hapo, na wavulana wanapigiana makofi.

Basi mimi nilikuwa nawaambia wavulana, msipige makofi, someni mbele. Mama huyu anamwambia bintiye amtunze mumewe kama mtoto mdogo asiyejua kunena. Aangalie kinachomtoka na kinachomwingia. Ampumbaze. Nikawauliza, huyu ni bwana au ni mtoto wa kulelewa? Yule anayeabudiwa ndani ya nyumba ndiye huyohuyo asiyeweza kusema anaumwa wapi. Nilikuwa napata kimya kirefu. Mwana Kupona alimjua mwanaume wa Mnazi Mmoja kabla mji wa Dar es Salaam haujajengwa.

Wapo wataalamu wanaosema alikuwa anafundisha utii, na wapo wanaosema alikuwa anamfundisha binti namna ya kumtawala anayemtawala. Mimi naona yote mawili yalikuwemo. Mama anayekufa anamwachia mwanawe silaha iliyopo, hana nafasi ya kufua nyingine.

Mtoto wa Tandika

Mwalimu, umenigusa. "Asiyejua kunena." Nina miaka 41 na ndiyo mara ya kwanza naandika hiki kitu.

Nikiwa darasa la pili kuna watoto wa mtaa wa pili walikuwa wananisubiri njiani wananipiga na kuninyang'anya hela ya chai. Nikarudi nalia. Mama yangu alifunga mlango. Alinisemesha akiwa ndani, mimi niko nje: "Nenda ukapigane. Ukirudi unalia tena nakuongezea." Alikuwa mama mzuri, Mungu amrehemu, alituuzia vitumbua tukasoma. Ila nilikaa pale nje mpaka machozi yakakauka yenyewe. Nadhani hayajawahi kurudi. Alipofariki nilisimama makaburini Kisutu nikashika jembe, watu wakanisifu kwamba ndiye mwanaume.

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Kaka, pole sana. Pole ya dhati.

Jumamosi iliyopita tulisoma insha ya Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani. Aliiandika 1979, juu ya kumlea mwanawe wa kiume. Mtoto wa miaka minane anarudi nyumbani analia, wenzake wamempiga. Lorde anasikia mdomo wake mwenyewe unaanza kusema maneno yale ya mama yako: siku nyingine ukija hapa unalia... Akakatisha sentensi, akashtuka. Akamkalisha mtoto mapajani, akaanza kumsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa anaogopa akiwa mdogo, jinsi alivyolazimishwa kupigana. Anaandika kwamba mtoto yule hakuamini kwamba mama yake naye amewahi kuogopa.

Tuliposoma hapo, akina mama wanne kati yetu tuliinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa ameshaifunga ile milango. Mfumo dume haukuingia nyumba ya mama yako kwa mguu wa baba. Uliingia kwa sauti ya mtu aliyekupenda, aliyekuwa anajua mtaa utakufanya nini ukionekana laini, akaona bora akuanze yeye. Hiyo ndiyo hadithi fupi ninayoililia. Kurasa tano tu: mtoto nje, mama ndani, mlango katikati, na tusikie pumzi za wote wawili.

Kijana wa Goba

Mnazunguka. Haya mambo ya ufeministi ni ya kuletewa. Bibi zetu hawakuwa nayo na ndoa zilidumu.

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Mdogo wangu, Bibi Titi Mohamed aliondoka kwenye vikundi vya ngoma vya lelemama hapahapa Dar es Salaam, Kariakoo na Ilala, akawaingiza wanawake TANU kwa maelfu miaka ya hamsini. Hakutumwa na mtu wa Ulaya, alikuwa anapambana na mtu wa Ulaya.

Na Bi Hawa Mohamed je? 1983, Mahakama ya Rufani. Alitalikiwa, akadai kwamba kupika, kufua na kulea miaka yote ile kulichangia nyumba iliyojengwa. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikakubali hoja: kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu ilionekana fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara alizitumia ovyo, na hilo huwa linaniuma nikilisoma. Lakini mwanamke yeyote wa Goba anayegawana nyumba leo anapita kwenye mlango alioufungua yeye. Alikuwa bibi wa mtu. Ndoa kudumu hakukuwa na maana kwamba waliokuwemo walikuwa wazima.

Mama wa Mbagala

Nimesoma wote. Mimi sitawabembeleza.

Nimepigwa miaka sita. Nina jino la pembeni halipo. Kila nikiingia kwenye mijadala ya mfumo dume, baada ya muda nakuta tumeshaanza kumlilia mwanaume. Alifungiwa mlango, alikatazwa kulia, alikwenda machimboni, alikaa bustanini. Sawa, pole zake. Mimi nilifungiwa mlango na nani? Na mbona sikumpiga mtu?

Mleta uzi, umeandika aya ndefu kuhusu kaka yako na umesema kwa uchungu kwamba hadithi yake haijaandikwa. Nimeirudia mara mbili. Miezi minne ile nyumba ilikula kwa hela ya nani? Nani aliamka kukanda unga saa tisa usiku, halafu akapiga pasi shati la mtu anayekwenda kukaa? Nani aliyetafuta nauli, akaificha mfukoni isije ikamuumiza mwenye suruali? Umemweka kwenye sentensi chache, ukarudi kwa kaka yako. Hata hadithi yako wewe mtetezi imempa yeye benchi, na wifi yako umemwachia pasi.

Mwalimu Mstaafu

Mama, umesema. Penina Muhando alituandikia Nguzo Mama zamani, tamthilia ya wanawake wa kijiji wanaohangaika kuisimamisha nguzo moja, na haisimami, kila mmoja ana linalomvuta pembeni. Nilikuwa nawaambia wanafunzi watazame nani anashika kamba na nani anahutubia.

Binti wa Mtoni (mleta uzi)

Mama wa Mbagala, sikujibu jana kwa sababu sikuwa na jibu. Umenisoma kuliko nilivyojisoma. Nilitaka kuonyesha mfumo unavyomvunja mwanaume, na wakati nautazama ukimvunja, nikarudia kazi yake: nikamgeuza mwanamke kuwa sehemu ya samani. Tena huo ndio ustadi wa Bessie Head nilioupita nikiwa nautolea mfano. Ile insha juu ya Garesego ameiweka ndani ya hadithi ya Dikeledi. Tunaelezwa mwanaume katengenezwaje, lakini hatuondolewi hata dakika kutoka kwenye mikono ya mwanamke inayoshona, inayofuma, inayolipa.

Kwa hiyo nabadili ombi langu. Mwanaume wa Mnazi Mmoja aandikwe, ndiyo, bado nalitaka. Lakini aandikwe kutokea kwenye pasi.

Na leo Jumapili nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua uzi. Nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta uani anachambua mchele, ungo mapajani. Nikamwomba ruhusa ya kuuliza, na baadaye ruhusa ya kuandika, amenipa zote mbili. Nilimuuliza kwa nini aliendelea kupiga pasi yale mashati hali anajua. Nilitegemea atasema mapenzi, au stara, lile neno la mama yetu siku ya kikao.

Alichambua punje kama dakika nzima. Kisha akaniambia: "Nilikuwa naogopa akikosa pa kwenda asubuhi, atabaki ndani. Na akibaki ndani ile aibu itatafuta mtu."

Nikamwambia sikuwa nalijua hilo. Akasema, "Hukuuliza."

Akapepeta ule ungo, akaniambia tena, bila kuniangalia: "Siku ile ya kikao ulipomwambia ajikaze, nyinyi wote mliondoka na daladala za saa mbili. Mimi ndiye niliyelala naye."